Fonti ya brashi: mwongozo kamili, kuanzia kuichagua mpaka bango linaposimama

Zile herufi zinazoonekana kama mtu kachukua brashi akaandika kwa mkono, ametulia, bila rula, zile unazoziona kwenye vibao vya juisi, kadi za harusi, chupa za asali, tisheti za ufukweni na tumbneili za video za mapishi, ndo tunazozungumzia hapa. Wengine wanaziita fonti za brashi, wengine fonti za mwandiko. Nyingi ni bure kabisa na ni nzuri mno, lakini mtaani zimetumika vibaya kiasi kwamba watu wameanza kuziona za bei rahisi, na mimi hilo linaniuma kwa kweli. Kwahiyo nimeandika hapa kila kitu ninachokijua kwa ajili ya mtu anayefanya kazi ndogo ndogo za disaini, awe na laptopu yenye programu ya disaini kama CorelDRAW au awe na simu tu.

Mfano wangu mkuu utakuwa Pacifico, kwa sababu ipo kwenye Google Fonts, tovuti ya fonti za bure, ipo kwenye Canva, programu ya disaini ya mtandaoni, na karibu kila mtu ameshaiona hata kama hajui jina lake. Nyingine nitazitaja njiani.

Kitu kimoja ukishike toka sasa: uhai wa fonti ya brashi uko kwenye maungio. Pale herufi moja inapoishia ndipo nyingine inapoanzia, na jicho linafuata huo mstari kama linavyofuata mkono wa mtu anayeandika. Karibu kila kosa utakaloliona huko nje, ukilichunguza vizuri, utakuta mtu kavunja maungio.

Kwanza elewa brashi inafanya nini

Chukua brashi ya rangi yenye ncha uandike neno. Ukikandamiza mstari unanenepa, ukiinua unakonda, na unapotoka herufi moja kwenda nyingine bila kuinua mkono kunabaki kamkia kembamba kanakoziunga. Waandika vibao wa Marekani walikuwa wanaandika hivi kwenye kadi za bei za madukani zamani sana kabla ya kompyuta. Shida ikaja kwenye uchapaji, maana herufi za kuchapia za zamani, za madini ya risasi, kila moja imekaa kwenye kipande chake peke yake, sasa ili neno lionekane limeungana ilibidi kila mkia ufike ukingoni kabisa mwa kipande, na ufike kwenye kimo kilekile ambacho herufi yoyote inayofuata inaanzia, iwe a, iwe r, iwe y. Robert E. Smith aliifanya kazi hiyo mwaka 1942 alipochora Brush Script kwa American Type Founders. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon akatoka na Mistral, aliyoitoa kwenye mwandiko wake mwenyewe, ikatengenezwa na Fonderie Olive ya Marseille, na jina ni la ule upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa. Hizi mbili inawezekana unazo tayari maana zimekuja na Microsoft Office kwa miaka mingi.

Pacifico ni ya juzi juzi, 2011. Aliichora Vernon Adams, akivuta hisia ya vijana wa Marekani wa miaka ya 1950 waliokuwa wanateleza kwenye mawimbi ya bahari. Adams alifariki 2016, na mwaka uliofuata Jacques Le Bailly akaichora upya ikawa safi zaidi. Ni nene, mviringo, miisho yake imejipinda taratibu, na ina uzito mmoja tu. Hakuna Pacifico nyembamba wala Pacifico ya kukoleza (bold). Hilo tutalirudia maana lina madhara.

Kwenye fonti za siku hizi ule ujanja wa kuunga umeendelea sana. Ndani ya faili kunaweza kuwa na a mbili au tatu tofauti, na programu yenyewe inachagua ipi ikae wapi ili neno lisionekane kama muhuri unaojirudia. Caveat, ya Pablo Impallari, inafanya hivyo. Ila mpaka programu unayotumia iwe inajua kuzisoma hizo sifa. Illustrator na InDesign zinajua, Inkscape inajua, brauza zinajua, lakini programu nyingi za simu hazijui na zitakupa herufi ya kawaida tu.

Kabla hujaigusa, jiulize kama kazi inaitaka

Brashi inaongea kwa sauti ya mtu aliyechangamka, anayekukaribisha ndani. Mgahawa, juisi, keki, saluni, kadi ya mwaliko, kitchen party, lebo ya sabuni ya kutengeneza nyumbani, jina la chaneli, tisheti ya timu ya marafiki, hapo ndo nyumbani kwake.

Tangazo la msiba usiweke. Maelekezo ya dawa, fomu, bei, namba ya simu, anwani, tahadhari ya umeme, usiweke hata kama mteja anasisitiza, na mweleze kwa upole kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwa brashi mtu akiwa kwenye daladala haisomi, 1 na 7 zinafanana, na simu haitapigwa. Jina la kanga nalo tangu zamani linaandikwa kwa herufi kubwa nene zilizosimama wima, unalisoma hata mvaaji akiwa anatembea mbele yako. Mimi pale nisingeibadilisha.

Halafu hesabu maneno. Neno moja mpaka matatu ni sawa kabisa. Sentensi nzima ya brashi ni mateso. Na Kiswahili chetu kina hili la maneno marefu, kitenzi kimoja kinabeba kila kitu: "Tunawakaribisha" ni herufi 15, ukiiweka kwa brashi inakuwa kamba ndefu ambayo jicho halijui lishike wapi. Lakini "Karibu" ni herufi sita, ina K kubwa mwanzoni, ina b inayopanda, imekaa vizuri. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta ndani ya maneno ya mteja lile neno moja fupi lenye moyo wa ujumbe, hilo ndo unalipa brashi, mengine yote yanakwenda kwenye fonti ya kawaida iliyosimama.

Kuchagua fonti kwa kuipima na Kiswahili

Hapa nataka tukae kidogo maana ni sehemu ambayo miongozo ya Kiingereza haiwezi kukusaidia.

Mtu anayeuza fonti anakuonyesha maneno aliyoyachagua mwenyewe ili ipendeze. Na wachoraji wengi wamepima kazi zao kwa Kiingereza, wameweka maungio maalum ya th, ll, tt, ss, ambayo sisi hatuyahitaji sana. Sisi tuna mw, kw, ny, nd, mb, na tuna irabu mbili mbili kila mahali, aa, ii, uu, ee, oo. Kwahiyo usichague kwa picha ya tangazo. Ingia Google Fonts, kuna sehemu ya kuandika maneno yako mwenyewe, andika haya uyatazame moja moja.

Andika "Maandazi" na "Vifaa". Hizo a mbili zinafanana kama zimepigwa muhuri au zimetofautiana kidogo? Kwenye fonti iliyonyooka kufanana ni jambo la kawaida, lakini kwenye kitu kinachodai kimeandikwa kwa mkono pacha wa namna hiyo wanavunja uongo wote papo hapo. Kama fonti ina herufi mbadala badilisha a moja. Kama haina, kubali, au tafuta neno jingine.

Andika "Umuhimu", "Muumini", "Wanunuzi". Hapa kuna u, m, n, i zimefuatana na kila moja ni vijiti vifupi vilivyounganishwa, kwenye fonti mbaya inakuwa mawimbi matupu na huwezi kujua u imeishia wapi m imeanzia wapi. Ukiona hivyo achana nayo kwa maneno ya namna hiyo. Pacifico inajitahidi ikiwa kubwa, ikiwa ndogo inazibana.

Andika "Wali", "Bwana", "Vitumbua", "Ndoa". Herufi w, v, b na o kwenye mwandiko wa kuunga zinamalizikia juu, wakati herufi nyingi zinaanza kupokea kutoka chini. Kwa hiyo baada ya w lazima mkono ushuke kuifuata a, na hapo ndo utaona kama mchoraji alikuwa makini au alikimbia. Sisi tunaitumia wa na vi kila baada ya dakika, huwezi kuliepuka. Zidisha ukubwa mpaka asilimia 400 uangalie kama kuna kipengo, kigoti, au mahali mistari miwili imepishana ikafanya uvimbe.

Andika "Ng'ombe". Ile alama ya juu ndo mtihani. Kwanza hakikisha ni ile iliyojipinda kama 9 ndogo na sio kijiti kilichosimama, maana kijiti kwenye brashi kinaonekana kama mtu kadondosha njiti ya kiberiti. Pili tazama pengo: fonti nyingi zinaiweka alama kwenye nafasi yake kamili, kwahiyo g na o zinaachana na neno linakatika vipande viwili. Dawa yake ni kuisogeza alama juu na kuivuta o karibu kwa mkono mpaka mkia wa g uishike, kama programu yako inaruhusu kusogeza herufi moja moja.

Mwisho angalia neno linavyoisha. Maneno yetu karibu yote yanaisha na irabu, na hii ni neema, kwa sababu a ya mwisho ina mkia unaotoka nje vizuri na fonti nyingi zinazouzwa zina a na e za mwisho zenye mkia mrefu wa mapambo. Tumia moja kwa neno zima. Ukiweka mkia mwanzoni, katikati na mwishoni neno linajaa kelele.

Kama unataka kitu chenye kasi na ukali kuliko Pacifico, jaribu Kaushan Script, pia ya Impallari, inainama mbele na ina ncha za brashi. Caveat Brush ni ya kawaida kama mtu kaandika ukutani haraka. Permanent Marker, ya Font Diner, haijaungana hata kidogo, ni mwandiko wa kalamu nene, inafaa mahali ambapo mnataka urafiki bila urembo. Brush Script yenyewe mimi siiweki tena kwenye kazi mpya, imechoka kwa kutumika, mtu akiiona anakumbuka kadi za kompyuta za zamani.

Leseni, halafu kuiweka kwenye mashine

Pacifico, Kaushan na Caveat ziko chini ya leseni ya wazi ya SIL. Maana yake unaruhusiwa kuzitumia kwenye kazi ya biashara, kuchapa, kuweka kwenye nembo ya mteja, kuweka kwenye tovuti, hata kuzibadilisha. Usichoruhusiwa ni kuliuza faili la fonti lenyewe peke yake. Ukishusha fonti kwenye tovuti nyingine yoyote fungua lile faili la maandishi lililo ndani ya zipu usome, kwa sababu nyingi za "bure" zimeandikwa kwa matumizi binafsi tu, na kadi unayomchapia mteja kwa hela sio matumizi binafsi. Mteja wako akikua akaanza kuuza mikoani, nembo yenye fonti isiyo na leseni ni mzigo wake, na ulimtwika wewe.

Kuiweka ni rahisi. Fungua zipu, kwenye Windows bofya kulia faili la TTF au OTF uchague kuinstoli, kwenye Mac bofya mara mbili itafunguka Font Book. Funga programu ya disaini uifungue upya. Kwenye simu, programu ya PixelLab inakubali fonti zako mwenyewe ukiziweka kwenye folda. Canva unaikuta Pacifico humo humo, ila kupandisha fonti ya nje ni mpaka ulipie.

Kuliandika neno

Herufi kubwa mwanzoni, ndogo zinazofuata. Basi. KARIBU kwa Pacifico ni herufi sita zenye madoido ambazo hazijawahi kukusudiwa kushikana, kila moja inataka kuwa mwanzo wa neno. Mteja akisema anataka ionekane kubwa, mpe ukubwa wa pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi), usimpe kapsi.

Nafasi kati ya herufi iache sifuri. Wengi wana tabia ya kutanua herufi ili neno lijaze upana wa bango, kwenye fonti ya kawaida inapendeza, kwenye brashi unazikata shingo. Neno likiwa fupi kuliko nafasi, liongeze ukubwa au liache na hewa pembeni.

Ukiacha ile alama ya Ng'ombe, kuna mahali pamoja tu ambapo utasogeza kwa mkono: baada ya herufi kubwa. T, V, W, P na F mara nyingi haziungani na inayofuata, kwahiyo "Tamu", "Wali", "Pwani" zinaweza kubaki na shimo. Vuta herufi ya pili taratibu mpaka nafasi ifanane na iliyobaki kwenye neno, usiivute mpaka zigandane.

Usibonyeze kitufe cha kukoleza. Nilisema Pacifico ina uzito mmoja, kwahiyo ukibonyeza programu inaunenepesha mstari kwa nguvu, matundu ya a na e yanaziba, maungio yanakuwa mavimbe. Kitufe cha kulaza (italic) nacho hivyo hivyo, na kunyoosha neno kwa kuvuta upande mmoja ndo kabisa, maana brashi ina uwiano wa nene na nyembamba uliotokana na mkono na ukivuta unaona wazi umedanganya.

Mistari miwili ya brashi inahitaji uangalifu. Mikia ya g, y na j inashuka, vichwa vya k, h, b vinapanda, na nukta za i ziko katikati. Njia nzuri ni kuandika kila mstari kama kipande chake, uusogeze wa chini kulia au kushoto mpaka kichwa cha herufi kiingie kwenye nafasi iliyo wazi juu yake. "Asali ya" juu na "Nyuki" chini, kwa mfano, ule mkia wa y ya juu unatafuta mahali pa kushukia, mpe. Na kama unataka mchangamko zaidi inamisha neno zima, nyuzi 5 mpaka 8 kwenda juu kulia zinatosha. Zaidi ya hapo linaanguka.

Mwenzake

Brashi haikai peke yake, inahitaji fonti tulivu pembeni ya kubeba bei, anwani na maelezo. Hapa nina pendekezo ninalolipenda: Vernon Adams huyo huyo ndo alichora pia Oswald na Nunito, na zote ziko bure mahali pale pale. Nunito ina miisho ya mviringo inayoendana na miisho ya Pacifico, kwahiyo lebo inakuwa laini, ya kifamilia, inafaa vitu vya watoto, keki, maziwa. Oswald ni nyembamba, imesimama, imebanana, kwa hiyo inagombana na Pacifico kwa namna nzuri, inafaa mgahawa na tisheti, na inachukua herufi kubwa vizuri sana.

Usiweke brashi mbili kwenye kazi moja. Na brashi iwe kubwa kuliko mwenzake angalau mara mbili na nusu, kama zinakaribiana ukubwa msomaji hajui aanzie wapi.

Rangi na mstari wa nje

Rangi moja iliyokolea juu ya mandhari tulivu, hiyo inatosha kazi nyingi. Juu ya picha ya chakula yenye vitu vingi neno linapotea kwenye mchuzi, weka kipande cha rangi nyuma yake au sehemu ya picha iliyotulia.

Watu wanapenda mstari mweupe kuzunguka neno, na unapendeza kweli, ila kuna mtego. Herufi za brashi zinapandiana kwenye maungio, kila herufi inakuja na mstari wake, kwahiyo unaona vijistari vyeupe vinakatiza ndani ya neno pale zinapokutana. Suluhisho mbili: unakopi neno, la nyuma unalipa mstari mnene mweupe, la mbele unaliacha safi bila mstari, unayapanga sawasawa. Hii inafanya kazi hata kwenye simu. Au unayageuza maandishi kuwa maumbo uyaunganishe, ndo tunakoelekea.

Kupeleka kwa fundi

Ukimaliza, hifadhi kwanza faili ambalo maandishi bado yanaweza kuhaririwa. Kisha tengeneza nakala ugeuze maandishi kuwa maumbo: kwenye CorelDRAW ni Ctrl na Q, Illustrator ni Ctrl, Shift na O, Inkscape ni Ctrl, Shift na C. Usipofanya hivi na kompyuta ya kule kwa fundi haina Pacifico, itaweka fonti nyingine kimya kimya na utakuja kuona bango likiwa limeshachapwa.

Baada ya hapo unganisha maumbo yawe kitu kimoja, mafundi wanaita kuweldi. Kwa bango la fleksi usipoweldi hakuna atakayejua. Kwa stika ya kukata na plota, mashine yenye kisu, ni balaa, kwa sababu kisu kinafuata kila mstari kinachoukuta, kwahiyo pale a inapopandia r kinakata katikati ya maungio, na ukibandua unabaki na vipande. Ndivyo ilivyo pia kwa kukata mbao au akriliki kwa leza. Geuza skrini ionyeshe mistari tu bila rangi, ukiona mstari wowote unakatiza ndani ya neno bado hujamaliza.

Ukubwa unategemea kitu. Watu wa mabango wana kanuni ya sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, yaani mtu akiwa mita 30 herufi iwe sentimita 25. Kwa brashi pima kimo cha a ndogo, usipime K, kwa sababu a ndo inayopotea kwanza. Kwa kofia na fulana za kudarizi, mstari mwembamba kuliko milimita 1 uzi hautoi kitu cha maana, kwahiyo Pacifico inakaa vizuri kwa unene wake na Caveat itakusumbua. Kwenye muhuri wa mpira matundu madogo ya e na a yanajaa wino, weka neno kubwa au tumia fonti nyingine.

Kwa kitu cha kuchapwa kwenye karatasi ongeza milimita 3 za kukatia kila upande, yaani rangi ipitilize ukingo. Kama unafanyia kwenye simu na huwezi kutoa maumbo, toa picha yenye nukta 300 kwa inchi. Lebo ya sentimita 9 kwa 6 inataka pikseli 1063 kwa 709, na hizo milimita za kukatia juu yake.

Kwa wenye tovuti

Tumia faili la WOFF2, aina ya faili la fonti la tovuti. Kichwa cha habari kwenye tovuti kwa kawaida brauza inakikoleza yenyewe, kwahiyo ukiweka Pacifico kwenye h1 bila kusema chochote unapata ule ukolezi wa uongo. Andika font-weight: 400. Angalia kama mandhari ya tovuti (theme) uliyonunua imeweka letter-spacing au imegeuza vichwa kuwa herufi kubwa, ondoa vyote viwili kwa kichwa hicho. Weka na font-display: swap ili mtu mwenye mtandao wa kusuasua asome kwanza wakati fonti inakuja.

Tuifanye kazi moja mpaka mwisho

Mteja anatengeneza juisi ya ukwaju, anataka lebo ya chupa, sentimita 9 kwa 6. Kaandika kwenye meseji: juisi safi ya ukwaju isiyo na kemikali, mililita 350, tikisa kabla ya kunywa, na namba ya simu.

Neno la brashi ni "Ukwaju". Tazama lilivyo zuri: k inapanda, j inashuka, linaisha na u yenye mkia. "Juisi safi ya" inakwenda juu kwa Nunito, ndogo. Acha sentimita 1 pembeni kila upande, kwahiyo neno lina sentimita 7 za kukaa. Anza na pointi 60 hivi uongeze au upunguze mpaka lijae. Sasa kuza uangalie U na k, je kuna shimo? Vuta kidogo kama lipo. Angalia w inavyoshuka kuikuta a. Inamisha nyuzi 5.

Mkia wa j utashuka kwenye eneo la maandishi ya chini, kwahiyo "ml 350" iweke kushoto ya mkia, na "Tikisa kabla ya kunywa" ishuke chini yake. Namba ya simu Nunito, imenyooka, peke yake mstarini, wala isikaribie ukingo. Rangi: kahawia ya ukwaju wenyewe juu ya krimu, na nyekundu kidogo kwenye ml kama mteja anataka, mimi ningeiacha.

Chapa kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa halisi, kata, zungushia chupa kwa selotepu. Hapa utagundua kitu ambacho skrini haikuonyeshi: chupa ni ya mviringo, na ukisimama mbele yake huoni sentimita zote 9. Kama U au u ya mwisho imejificha pembeni punguza neno mpaka lote lionekane kwa jicho moja, hata kama ni kushuka mpaka pointi 48. Halafu simama mita 2 mbali, umbali wa mtu aliyesimama mbele ya friji la duka, umuulize mtu ambaye hajaiona hiyo lebo asome. Akisoma "Ukwaju" bila kusita, geuza kuwa maumbo, weldi, toa PDF yenye milimita 3 za kukatia, mtumie fundi pamoja na picha ndogo inayoonyesha inavyotakiwa kuonekana, na lile faili la kuhariri libaki kwako likiwa na jina la fonti ndani ya jina la faili.